Ami yangu na bahari isiyokupwa

Yuro 540. Naitaja mapema kwa sababu nawajua ndugu zangu wa Unguja: mtasoma mbio mbio hadi chini mkitafuta bei, na msipoiona mtanifuata WhatsApp. Ndiyo niliyolipa kukodi mashua ya mbao pamoja na nahodha wake kutwa nzima, Marseille, kusini mwa Ufaransa, Septemba iliyopita. Mafuta juu yake, chakula juu yetu. Na ndiyo, mimi ni mzaliwa wa Nungwi, nimekulia pwani ambako vyombo vinachongwa mbele ya milango ya watu, halafu nimelipa yuro 540 nipelekwe kutembea baharini. Mama nilipomwambia alicheka mpaka simu ikakatika.

Wa kulaumiwa ni ami. Ni mdogo wake marehemu baba, ana miaka 71, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo alikuwa nahodha wa jahazi. Chumvi, mbao, boriti, ng'ombe, na safari moja harusi nzima na ngoma zake: vyote kavipeleka na kuvirejesha kati ya Unguja, Pangani na Tanga. Alikuja kututembelea Lyon kwa viza ya siku 30. Wiki ya kwanza ilikuwa ya taabu. Tunakaa ghorofa ya sita, lifti ina siku zake, na mzee wa watu hakuwa na la kufanya ila kukaa dirishani kuutazama mto Rhône. Siku ya nane akaniuliza, "Mto huu unakwenda kumwagika wapi?" Nikamwambia baharini, upande wa Marseille. Akanyamaza. Wakati wa chai akauliza tena, safari hii akimgeukia mke wangu, "Na huko Marseille nauli yake kiasi gani?"

Kutoka Lyon kwa treni ya kasi ni saa moja na dakika arubaini hivi. Kazi haikuwa kufika, ilikuwa kuchagua chombo. Zipo meli za watalii za kubeba mamia, zenye vipaza sauti vya kueleza kila jabali. Zipo boti za mpira zinazorukaruka juu ya mawimbi, abiria wamekaa kama waliopanda farasi. Vipo na vijiboti vya kuendesha mwenyewe bila leseni. Mie nikaona picha ya mashua moja, nikaacha kutafuta. Ilikuwa na ncha omo na ncha tezi, yaani mbele na nyuma, ubavu umepinda vizuri, mbao zimepakwa buluu na nyeupe. Wenyewe wanaiita pointu, yaani yenye ncha, wengine barquette. Ndiyo mashua ya wavuvi wa Marseille tangu enzi za matanga, na tanga lake lilikuwa la pembetatu, la kuning'inia kwenye foromali, ule mti wa kubebea tanga, kama letu. Siku hizi nyingi zimebakia na injini ya dizeli. Nikalipa nusu usiku ule ule, kabla mke wangu hajaamka kunishauri.

Tulifika Vieux-Port, bandari kongwe, saa mbili asubuhi: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka tisa, na ami na koti langu la baridi lililomfika magotini. Pale ukingoni wavuvi walikuwa wamepanga meza zao, samaki wa usiku ule wakiuzwa kando ya mashua zilizowaleta. Ami alipita meza hadi meza akiinua mashavu ya samaki kwa kidole kutazama wekundu wa ndani. Mama mmoja muuzaji akamkaripia. Ami hakuelewa neno hata moja, akamwitikia, "Wazima kabisa, bibi, hongera." Alipouliza bei nikamdanganya. Mbele ya mzee hutaji bei ya kilo moja ya samaki Marseille.

Hapo ndipo lilipotokea la kofia. Wangazija na ndugu zao wa visiwa vya Komoro wamejaa Marseille kwa makumi ya maelfu, na kijana mmoja aliyekuwa akisukuma kigari cha makreti alivaa kofia ya kushonwa ambayo ami aliiona toka mbali. Upepo ukaipeperusha. Ami akaiokota, akamrudishia. Kijana akaweka mkono kifuani, akasema, "Marahaba, marahaba," akaenda zake.

Ami akabaki ameduwaa. "Mie nimemwamkia saa ngapi huyu hata aniitikie? Kitoto kile!"

Ilinibidi nimweleze kwamba kwa Kingazija marahaba ndiyo ahsante. Hakuamini. Alimfuata kijana wa watu hadi kwenye gari lake kuhakikisha, na nilipowakuta walikuwa wamesahau ya kofia, wanabishana kwa furaha, kila mtu na lugha yake: huyu kaskazi, yule kashkazi, huyu ngalawa, yule galawa. Mke wangu akanionyesha saa ya mkononi. Nahodha wetu alikuwa anangoja.

Lakini kabla hatujapanda, ami alisimama ukingoni akazitazama mashua zilizofungwa pale, mamia kwa mamia, zimebanana kama dagaa. Alizitazama kamba. Akachutama akatazama ukuta wa gati, ule mstari wa majani ya kijani pale maji yanapogusa jiwe. Kisha akauliza:

"Maji yanatoka saa ngapi hapa?"

Nikamfasiria nahodha. Nahodha, bwana wa makamo mwenye mikono kama makasia, akajibu kwamba hayatoki.

"Muulize vizuri. Leo mwezi ngapi? Bamvua si juzi tu?"

Niliuliza vizuri. Jibu likawa lile lile. Maji hapa yanapanda na kushuka kiasi cha shubiri moja, pengine na ushei, na mara nyingi si mwezi unaoyapandisha bali upepo na hali ya hewa. Bahari ya Mediterania imefungwa pande zote. Mlango wake mkubwa wa kwenda nje ni Gibraltar, na pembamba pake ni kilomita 14 tu. Maji ya bahari kuu hayawahi kuingia kabla hayajaitwa kurudi.

Kwa aliyezaliwa Nungwi hili si jambo dogo. Kwetu bamvua kubwa, zile siku za maji makubwa, bahari hupanda na kushuka mita nne. Maisha yote yamefungwa hapo: saa ya kutoka na chombo, saa ya kurudi, saa wanawake wanapokwenda mwambani kuchokoa pweza, saa ya kukilaza chombo ubavu ukaparua uchafu chini yake. Ami alizitazama tena zile kamba. "Fupi hivi!" akasema. "Kwetu ukifunga hivi, ukirudi unakuta chombo kimening'inia kama mbuzi wa Idi." Akamwomba binti yangu kalamu yake ya rangi, ile ya nta, nyekundu. Akalala kifudifudi juu ya mawe ya gati, na koti langu, akachora mstari mfupi pale maji yalipoishia, kando ya pete ya chuma. Watu wakapita wakitutazama. Akainuka, akajipangusa, akasema haya, twendeni.

Mashua ilikuwa ya mita saba hivi. Omo yake ina kigogo kilichosimama juu ya hanamu, kimechongwa kichwa. Wanakiita capian, na kila pointu ya kweli inacho. Sitasema kinafanana na nini, kwa sababu Mama anasoma blogu hii. Ami alikitazama, akamtazama nahodha, wakacheka wote wawili kabla sijafasiri kitu.

Kisha ami akaanza ukaguzi. Alipita akigonga mbao kwa kifundo cha kidole, kichwa ameinamisha kama daktari. Akahesabu mataruma, mbavu za chombo. Pahala pamoja akasimama, akapitisha ukucha kwenye mwanya kati ya ubao na ubao. Nahodha akaona, akataka kujitetea: wakati wa baridi alikipandisha chombo nchi kavu, akalipa fundi. Katika maelezo yake likapita neno moja, calfater, analitamka "kalfate".

Ami akainua kichwa. "Amesema kalafati?"

Nikasema ndiyo, ndiyo hiyo kazi yenyewe ya kuziba nyufa kati ya mbao. Neno lipo kwa Waarabu, lipo kwa Wafaransa, lipo Nungwi. Mafundi wa vyombo wamelibeba bandari hadi bandari. Nahodha akafungua kisanduku chini ya benchi, akatoa uzi mnene uliosokotwa, mweupe. Ami akauchukua, akauvuta, akaunusa. Pamba. "Sisi tunatia na mafuta kabla ya kushindilia," akasema, akionyesha kwa mikono: huu uzi, hii patasi, hii nyundo, ta-ta-ta. Nahodha naye akaonyesha yake: ta-ta-ta. Tukakaa dakika tano nzima bandarini, yuro zangu zikienda, watu wazima wawili wakipiga nyundo hewani.

Tulitoka kati ya ngome mbili zinazolinda mlango wa bandari, Saint-Jean kulia na Saint-Nicolas kushoto. Juu kabisa ya mji kuna kanisa la Notre-Dame de la Garde lenye sanamu ya dhahabu ya Bi Mariamu na mwanawe, na wenyeji wanamwita Mama Mwema. Nahodha alimtazama kidogo, kama mtu anayeaga nyumbani. Kulia kwetu vikaja visiwa. Kile kidogo chenye ngome ni If. Ngome ilijengwa kwa amri ya mfalme François wa Kwanza katika miaka ya 1520, ikaja kuwa gereza. Lakini hadithi niliyompa binti yangu ni ya kabla ya ngome: Januari 1516 kisiwa hiki kilimpokea kifaru. Kifaru mzima. Alitoka India kwa merikebu ya Wareno, akapita Msumbiji akiwa njiani kwenda Lisbon, na mfalme wa Ureno akamtuma zawadi kwa Papa. Mfalme François alikuja mwenyewe hapa kumtazama. Merikebu ikaendelea na safari ikielekea Roma, ikazama pwani ya Italia, na kifaru, aliyefungwa minyororo kwenye sitaha, akazama nayo.

Ami alisikiliza yote. "Kapita kwetu, kazunguka Afrika nzima salama, kaja kufia kwenye bahari isiyokupwa," akasema, na akaitazama bahari kwa jicho la kutoiamini.

Upande wa kushoto tukaifuata Corniche, barabara ya pwani, na nyumba zake za kitajiri. Pale nahodha alipunguza mwendo kutuonyesha kijumba cha mawe juu ya maji, ambacho ningekipita nikadhani ni choo cha umma. Ndicho kipima maji. Tangu 1885 mashine ndani yake iliandika usawa wa bahari, na baada ya miaka kumi na mbili ya kuandika walichukua wastani wakaufanya sifuri. Kila kimo cha bara la Ufaransa kinahesabiwa kutoka hapo, hata mlima Mont Blanc. Ami aliliona jambo hilo lina akili: "Wamepata maji yanayotulia. Kwetu sifuri ingewatoroka mara mbili kwa siku."

Sasa aibu yangu. Baada ya kijiji cha Les Goudes nchi inafanya pembe, rasi ya Croisette, na mbele yake kuna kisiwa cha Maïre, jabali tupu jeupe. Kati ya rasi na kisiwa pana mlango mwembamba ambao mashua ndogo zinapita. Upande wa pili ndipo unapokutana na bahari yenyewe. Mawimbi hayakuwa makubwa, lakini yalikuja ya ubavuni, mafupi mafupi, si yale ya kwetu marefu ya kupanda na kushuka kwa adabu. Nilitapika. Mwana wa Nungwi, mjukuu wa mafundi wa majahazi, nilitapika croissant mbili na heshima yote ya ukoo. Mke wangu, ambaye kwao ni Bujumbura na bahari kaijulia ukubwani, alinishika koti nyuma nisianguke, na mkono wa pili alikuwa anakula zeituni. Binti yangu alirekodi. Ami alitazama upande mwingine, na hiyo ndiyo huruma kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo kisiwa cha Jarre nilikiona kwa jicho moja tu. Ni kisiwa kikavu, hakina mtu, na jina lake limeandikwa kwenye msiba mkubwa wa mji huu. Mei 1720 merikebu Grand-Saint-Antoine ilifika kutoka Shamu na shehena ya vitambaa, na watu wameshakufa ndani yake njiani. Kanuni za karantini zilikuwepo, na kali. Lakini mali ilikuwa ya wakubwa, na mnada wa Beaucaire ulikuwa unakaribia. Bidhaa zikateremshwa. Tauni ikaingia mjini na ikaua karibu nusu ya watu. Merikebu ikachomwa moto hapa Jarre, Septemba, wakati maiti zimeshajaa barabarani. Ami anakijua kisiwa cha Changuu na yale majengo ya karantini mbele ya mji wa Unguja, akauliza swali moja tu: "Na wenye vitambaa, waliuza?"

Kuanzia hapo ndipo zinapoanza calanque zenyewe, zilizotuleta. Nikitafuta neno letu nasema hori: bahari imeingia ndani ya nchi kwa mkono mwembamba, na kulia na kushoto majabali ya chokaa, meupe kama yamepakwa jana, yamesimama wima. Misonobari imeota kwenye nyufa ambamo hata mbuzi asingesimama. Maji ukingoni ni ya kijani cha chupa, halafu feruzi, halafu ghafla buluu ya wino. Tangu 2012 pwani hii ni hifadhi ya taifa. Karibu na ufuko, ndani ya mita 300, chombo hakiruhusiwi kupita maili tano za baharini kwa saa, kwa hiyo kelele zote zinakufa, unasikia maji yanavyoramba jiwe.

Tuliingia Sormiou. Nahodha hakutia nanga mara moja. Alizunguka polepole, mwili nusu nje, akitazama chini. Chini kulikuwa na mabaka ya giza na mabaka meupe. Yale ya giza ni posidonia, majani ya bahari yenye mizizi na maua, ambayo samaki wanazalia ndani yake na yanachukua miaka na miaka kurefuka kidogo. Nanga ikiyang'oa umekata msitu. Alitafuta mchanga mweupe kama mtu anayetafuta pa kukanyaga kwenye chumba alicholala mtoto, akapata, akaishusha nanga kwa mkono, taratibu, bila ya kuitupa. Ami alikuwa ameshasimama omo na kamba tayari. Hakuna aliyemwomba.

Nikataka kuogelea kusafisha jina. Niliruka. Wallahi sijawahi kupiga ukelele ule. Septemba, jua kali, watu vifua wazi, na maji kama ya friji. Nahodha alikuwa ameshaangalia kipimajoto chake: digrii 16. Akaeleza kwamba siku tatu zilizotangulia ulivuma mistral, upepo wa kutoka kaskazini-magharibi, na upepo ule unayasukuma maji ya juu, yenye joto, kwenda nje. Ya chini yanapanda kushika nafasi. Wiki moja kabla watu walikuwa wanaogelea kwenye digrii 23. Ami alichovya vidole viwili tu. Akauliza mistral unakuja mwezi gani na unakwisha mwezi gani. Nahodha akasema unakuja unapotaka. Ami akatikisa kichwa: "Kaskazi ina miezi yake, kusi ina miezi yake. Upepo usio na msimu ni kama mgeni asiyebisha hodi."

Tulikula palepale: chapati za mke wangu, yai, mkate wa ufuta ambao ami alikuja nao kutoka nyumbani ukagandishwa frizani kusubiri siku kama hii, na sadini za nahodha za mafuta ya zeituni. Ami alitafuna huku macho yamekwama kwenye jabali, pale linapoingia majini. "Pana pweza pale," akasema. Nahodha akakubali, wapo. Ami akafikiri. "Sasa kama haikupwi, wanawake wanampataje?"

Nilifasiri. Nahodha hakulielewa swali. Nikajaribu tena: kwetu maji yakitoka mwamba unabaki mkavu, wanawake wanatembea juu yake na vijiti, pweza anachokolewa kwa miguu. Yule bwana, aliyeishi kwenye bahari hii maisha yake yote, akaiweka chini sadini yake. Kutembea? Chini ya bahari? Akaniomba nirudie. Hapa, akasema, pweza ni wa mtu wa kuzamia au wa mitego. Nilimwonyesha picha kwenye simu, shangazi yangu na ndoo, ufuko umekauka hadi upeo wa macho, na mashua zimelala ubavu mbali na maji. Aliishika simu kwa mikono miwili. Nadhani hiyo ndiyo picha pekee ya siku ile iliyomshangaza mtu, na haikupigwa Marseille.

Mchana tukang'oa nanga kuelekea mashariki, kwenye rasi ya Morgiou. Chini ya jabali moja, tupu kama mengine, nahodha akazima injini. Hapo, mita 37 chini ya maji, kuna mdomo wa pango. Mzamiaji Henri Cosquer aliligundua 1985, na 1991 akatangaza alichokiona: ukipanda njia yake nyembamba unatokea kwenye ukumbi wenye hewa, na kutani kuna farasi, na sili, na ndege wa baharini ambao leo hawapo tena duniani, na viganja vya watu vimechorwa kwa rangi. Michoro mingine ina miaka kama 27,000. Halifikiwi na sisi. Mfano wake umejengwa mjini, ulifunguliwa 2022.

Binti yangu akauliza waliogelea vipi bila mtungi. Hawakuogelea, nikamwambia. Wakati ule barafu ilikuwa imeshika maji mengi ya dunia, bahari ilikuwa chini zaidi ya mita mia moja, na ufuko ulikuwa kilomita kadhaa kule tunakokuona maji matupu. Waliingia kwa miguu.

Ami alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akamgusa nahodha begani, akaninyooshea mimi kidole nifasiri: "Mwambie inakupwa. Ila yeye haiwahi."

Ilikuwa tuendelee hadi En-Vau. En-Vau ndiyo hori lililo kwenye kila picha, ndilo lililonifanya nitoe kadi ya benki usiku ule. Nahodha alisimama, akatazama nyuma yetu, juu. Mimi niliona mbingu safi. Safi kupita kiasi, kumbe, na mawingu mawili matatu membamba, yamelainishwa kama vijiko. Akasema tunarudi.

Nilikasirika. Naandika ukweli. Nilimwonyesha simu: upepo unatarajiwa usiku, sasa ni saa nane mchana, bahari imelala. Nilimkumbusha nilichokilipia. Alinisikiliza, akasema atanirudishia yuro hamsini, na akageuza omo. Nikamgeukia ami nikitegemea ukoo.

"Kwenda En-Vau si kazi," ami akasema. "Majabali yanakukinga. Kazi ni kurudi: ukikata ile pembe ya asubuhi, upepo huo unao usoni hadi bandarini. Wewe asubuhi ulitapika bila upepo." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, ya ndani ya nyumba: "Ameangalia juu mara tatu tangu tulipokula. Nilikuwa nangoja aseme. Asingesema, ningesema mimi, na hilo lingekuwa baya."

Nikanywea. Njia nzima ya kurudi walikaa tezi pamoja, bega kwa bega, mimi nikiwa mbali kidogo nimenuna. Karibu na Les Goudes nahodha alimwonyesha ami kana ya usukani, shika. Ami akaweka mkono kifuani akakataa. "Mwambie leo mie abiria." Lakini nilimwona: kila wimbi lilipokuja, guu lake la kulia lilikuwa linasukuma ubao.

Tukaingia Vieux-Port saa kumi na moja kasorobo, bahari bado imelala, na mimi moyoni nahesabu saa mbili zangu za En-Vau. Upepo ulikuja usiku, kweli, saa nne hivi. Madirisha ya hoteli yalipiga hadi alfajiri. Yule bwana alinirudishia hamsini zake taslimu, nikazikataa, akazishindilia mfukoni mwa binti yangu.

Lakini hiyo ni baadaye. Tuliposhuka, mke wangu alitaka chai, mtoto alitaka choo, na mie nilitaka kulala. Ami hakutufuata. Tulipogeuka tulimwona kule kwenye pete ya chuma, amelala tena kifudifudi juu ya mawe, koti langu limeloa pindo. Mtalii mmoja alikuwa ameinama kumuuliza kama anaumwa. Tulipofika alikuwa ameushusha mkono ukutani, kati ya ule mstari mwekundu na maji, anapanga vidole kimoja kimoja.

"Vitatu," akasema. "Imekupwa vidole vitatu. Mwite nahodha."